Upande wa Bandama

Wasichana wa chumba cha matumbo, siku ya kuniaga mliniuliza nataka zawadi gani, nami nikaomba lile pipa la buluu lililopasuka mdomo. Mlicheka hadi mmoja wenu akakaa chini kwenye maji. Mlikuwa mmeshaninunulia leso na birika, na vyote nimevichukua, asanteni. Lakini nilichohitaji ni pipa, na kwa kuwa sikuwaeleza siku ile, nimeona niandike. Mimi niliachia shule darasa la sita, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Anayesoma vizuri awasomee wengine mkingoja maji yachemke.

Nilianza kazi pale kichinjioni nikiwa na miaka kumi na sita. Baba alikuwa ameshakufa, mama akamfuata mwaka uliofuata, na katika chumba chetu Kiwanjani nikabaki na wadogo wawili: Nakiru, aliyekuwa na miaka tisa, na Erot, ambaye alikuwa bado wa kubebwa. Nakiru nilimwacha shuleni. Erot nilikuja naye mgongoni, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwachia.

Mkubwa wa chumba wakati huo alikuwa Mama Darmi, mwanamke wa Kiborana, mrefu, mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji kama ngozi ya matumbo yenyewe.

"Salaam aleikum," alisema, kisha akaona msalaba shingoni mwangu. "Haya, habari yako. Huyo mtoto analia ama anakoroma?"

"Anakohoa, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu azaliwe."

"Mweke pale kwenye magunia, mbali na maji. Sisi tunaosha matumbo, hatuoshi watoto."

Alisema hivyo, lakini kabla ya saa nne alikuwa amemfuta Erot pua mara tatu kwa ncha ya shungi lake.

Mnajua kazi ilivyo. Wanaume wanachinja, wanachuna, wanamtundika mnyama kwenye kulabu kwa miguu ya nyuma, tumbo likiwa limekuelekea wewe. Hapo ndipo zamu yetu inaanza. Mama Darmi hakunipa kisu siku hiyo. Alinifunga macho kwa leso, akanisukuma mbele ya mbuzi aliyepasuliwa, akaniambia nitie mkono.

"Tumbo kubwa, lile la nyasi, liko wapi?"

"Hapa. Kushoto."

"Bandama?"

"Imeshikana nalo. Kushoto pia."

"Maini?"

"Kulia."

"Moyo?"

"Umeegemea kushoto."

"Tena. Mkono usingoje kuuliza macho."

Alinirudisha kwa mbuzi kumi na mmoja. Sababu niliijua nilipopewa kisu: nyongo imejificha chini ya maini, na ukikata bila kujua uko wapi unaipasua, nyama inakuwa chungu, mkaguzi anaitupa, na mwenye mbuzi anakutukana kwa lugha zote za Isiolo. Wiki ya kwanza nilipasua tatu. Baada ya hapo sikupasua tena kwa miaka mingi, kwa sababu mkono wangu ulishajua kushoto ni wapi. Sisi tulikuita kule upande wa bandama.

Jambo la pili alilonifundisha ni kumwaga tumbo la nyasi. Wapya hulikwangua kwa kisu, nao hutoboa. Mama Darmi alilitandaza juu ya pipa lililolazwa, mdomo ukiangalia chini, akakunja kiganja kama anayeteka maji, akapiga. Mlio ulikuwa mzito, wa hewa. "Inamisha, piga, ngoja," alisema. "Kitatoka chenyewe. Ukikilazimisha kinang'ang'ana."

Jioni nilimwogesha Erot kwenye beseni. Nilimsimamisha mbele yangu, uso kwa uso, nikaweka kiganja kifuani pake kusikiliza kama kinapiga miluzi. Kilipiga miluzi kila siku. Lakini moyo wake ulikuwa ukigonga pale pale mkono wangu ulipozoea kuukuta moyo siku nzima, upande wa bandama. Nilijiambia kifua ni kibovu, ila angalau moyo uko mahali pake. Kati ya mambo yote niliyoyaogopa, hilo sikuliogopa kamwe.

Mengine niliyaogopa yote. Erot alikua akikohoa. Pua yake haikukauka kiangazi wala masika. Shuleni walimwita Bomba. Alipokuwa na miaka tisa walisema ni TB, akameza dawa miezi mingi; alipokuwa na kumi na tisa wakasema imerudi, akameza tena. Makohozi yalipimwa kila mara na hayakuonyesha kitu, lakini kifua kilikuwa kinajaa, na daktari akiona kifua kinachojaa lazima aandike jina fulani. Mimi nilihesabu vidonge asubuhi na kumtazama koo ashushe. Kazini nikisikia mtu yeyote anaitwa mlangoni, roho iliruka. Nilidhani wamekuja kuniambia.

Pamoja na hayo alikuwa fundi. Alitengeneza redio kwenye kibanda karibu na stendi, na watu walimjia kutoka mbali kwa sababu alikuwa anatega sikio tu kwenye redio iliyokufa, anaizungusha, na kusema ni kitu gani kimeachia ndani. Masikio yake ndiyo yaliyokuwa shule yake. Alipenda kusema kwamba yeye ndiye anayenilisha, ingawa ugali ulitoka kwangu.

Kisha akaletwa mkaguzi mpya, daktari wa mifugo, msichana wa Kimeru anayeitwa Nkatha. Kabla yake wakaguzi walikuwa wanapiga muhuri na kuondoka. Huyu alikuja chumbani kwetu na gambuti zake mwenyewe, akatuomba kitu kilichotushangaza: tukikuta mfuko wa uzazi wenye mimba changa kabisa tusiutupe, tumwekee kwenye chupa. Mnajua mnyama mwenye mimba haruhusiwi kuchinjwa, lakini mimba ya wiki chache nani ataiona kwa nje? Mama Darmi alimuuliza anataka kupika nini.

"Nataka kuona jinsi mbuzi anavyoanza," Nkatha alisema.

Siku ambayo hapakuwa na wanyama wengi alituita ofisini kwake tuchungulie kwenye kioo chake cha kukuza vitu vidogo. Nilichungulia. Kilikuwa kiinitete, kitu kidogo kuliko punje ya mchele, kimejikunja, na katikati kulikuwa na kamba imepinda. Akasema kamba ile ni moyo. Siku chache kabla ya hapo ilikuwa imenyooka, katikati kabisa, na ungekipasua kile kitu sehemu mbili upande huu ungefanana na ule. Hakikuwa na kushoto wala kulia.

"Sasa nani anaiambia bandama iende wapi?" nikauliza. Sikujua kama swali langu ni la kijinga.

Nkatha hakucheka. Alitupeleka kwenye beseni letu, lile ambalo makapi ya nyasi huelea juu. Akatumbukiza vidole vitano, akavilaza kidogo upande mmoja, akavizungusha vyote pamoja bila kuvitoa. Makapi yakaanza kusogea, polepole, yote kuelekea kushoto.

"Kuna kishimo kidogo kwenye kiinitete," alisema. "Ndani yake kuna vinywele visivyoonekana kwa macho. Vinazunguka hivi, vimelala hivi, na maji yaliyomo yanasukumwa kushoto. Upande ule unaoletewa maji unajua kwamba ndio kushoto. Basi moyo unajikunja, maini yanakwenda kwao, bandama kwake."

"Na vinywele vikikataa?"

"Basi mwili unabahatisha. Unaweza kupangika sawa, unaweza kupangika kinyume. Hiyo imeonekana kwa panya, na kwa watu. Kuhusu mbuzi, wataalamu bado wanabishana, sitawadanganya."

Mama Darmi aliangalia makapi kwa muda. "Mungu ana vidole vidogo," akasema, na akatuambia turudi kazini.

Mwaka uliofuata ukaja ukame. Huko Kipsing watu walikuwa wanazozana kwa malisho, na wafugaji wengi waliona heri wauze kuliko kungoja. Mbuzi walikuja wamekonda, kulabu zilijaa tangu alfajiri. Nyumbani Erot alikuwa amelala siku ya nne. Alikuwa na homa, na asubuhi ile makohozi yake yalikuwa na damu. Hospitali walikuwa wameshaamua: Jumatatu aanze dawa za TB mara ya tatu, na safari hii kwa sindano, kila siku kwa miezi miwili. Waliniambia wazi kwamba sindano hizo wakati mwingine huharibu masikio. Nilitia sahihi, maana ukiwa wewe ndiye mama na ndiye baba hakuna mtu wa kumgeukia. Ilikuwa Ijumaa.

Nilifungua mbuzi mmoja mwekundu wa kutoka Kipsing. Mkono wangu wa kushoto ukaingia kulipokea tumbo la nyasi, ukagusa maini.

Nilirudi nyuma nikaangalia miguu yangu. Kweli, nilitazama kama nimesimama vibaya. Nikamuuliza yule kijana wa kulabu kama amemtundika mgongo mbele, akaniangalia kana kwamba nimelewa. Nikatia mkono tena. Maini kushoto. Tumbo kubwa kulia, na bandama imelishikilia kulekule. Nyongo ilikuwa ukucha mmoja kutoka kwenye ncha ya kisu changu.

"Mama Darmi," nikaita.

Alikuwa mzee wakati huo, akikaa kwenye kigoda akichambua tu. Baba yake alikuwa msomaji wa matumbo, wale wazee wanaotandaza utumbo wa mbuzi na kuona kama mvua iko karibu au vita, na yeye mwenyewe aliweza kusoma kidogo. Wafugaji wengine walimwomba aangalie kabla hatujaosha. Aliinuka, akachungulia, akavuta leso yake mdomoni.

"Nani amefungua?"

"Mimi."

"Toa mkono." Akanitazama, nikaona anapima kama aseme. "Hapa hakuna cha kusoma. Njia zote zimegeuka. Baba yangu alisema mnyama wa hivi humchukua mtu mmoja katika nyumba ya aliyemfungua." Akatikisa kichwa. "Lakini baba yangu alisema mambo mengi. Alisema pia redio itamaliza maziwa ya ngamia."

Wenzangu hawakucheka. Wawili waliweka visu chini. Mzee mwenye mbuzi, aliposikia, alikataa nyama, akakataa hata kuingia kuona, akaondoka na mbuzi wake waliobaki hai. Mimi nilisimama na damu inanikauka mikononi, nikimwona Erot juu ya kitanda, na ile sahihi yangu kwenye karatasi.

Nkatha alikuja mbio, uso unang'aa kama mtu aliyeitwa arusini. "Usikate! Usioshe kitu!" Akachora kwenye daftari, akapima kwa vidole, akapiga muhuri wa kupitisha. "Nyama safi kabisa."

"Daktari," nikamwambia, "huyu atachukua mtu?"

"Nani amekwambia hivyo? Ametembea kutoka Kipsing kwa miguu yake, Akai. Kupangwa kinyume hakukumzuia hata kidogo." Aliendelea kuchora. "Hata watu wako hivyo, wanazeeka bila kujua. Wenye shida ni baadhi yao tu, wale ambao vinywele vyao vimezaliwa vibovu. Maana vinywele vya aina hiyo viko pia kwenye pua na njia ya pumzi, vinafagia makohozi. Visipofagia, mtu anakohoa tangu azaliwe, pua haikauki, kifua kinajaa kila mara..."

Sikumbuki kama kisu kilianguka au nilikiweka. Nakumbuka nilimshika mkono na kumchafua.

"Sema tena hapo. Tangu azaliwe."

Akaacha kuchora. Nikamweleza kuhusu Erot, haraka, kama mtu anayeripoti moto. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Moyo wake uko upande gani?"

"Kushoto," nikasema. "Huo niliugusa kila siku akiwa mtoto. Uko kushoto, upande wa bandama."

"Kushoto kwake, ama kushoto kwako?"

Nikatazama juu ya bega lake. Nyuma yake mbuzi wengine walikuwa wananing'inia, vichwa chini, matumbo yamenielekea. Kushoto kwao ni kushoto kwangu. Ndivyo mkono wangu ulivyofundishwa nikiwa nimefungwa macho. Lakini mtoto anayeogeshwa hajaning'inia. Amesimama, anakutazama, na kushoto kwake ni kulia kwako. Miaka yote hiyo nilimpapasa ndugu yangu kama mbuzi wa kulabu, nikaukuta moyo kushoto kwangu, nikaridhika.

Nilitoka na gambuti na aproni. Watu wa Kiwanjani walinipisha njia, nadhani kwa sababu ya damu. Erot alikuwa amekaa kwenye kitanda anapumua kwa mdomo.

"Geuka," nikamwambia. "Nipe mgongo."

"Dada, mimi si mbuzi."

"Geuka, Erot!"

Aligeuka. Nikapitisha mikono yote miwili kutoka nyuma, kushoto kwangu kukiwa kushoto kwake, hakuna cha kubishana. Chini ya mkono wa kushoto palikuwa na miluzi tu. Chini ya mkono wa kulia, du, du, du.

"Kuna nini?" akauliza. "Dada, mbona unalia? Nimekufa?"

"Bado," nikasema. "Nyamaza nihesabu."

Siku mbili kabla ya Jumatatu sikula. Niliogopa sindano, na niliogopa kuikataa. Kama nimekosea, na kweli ni TB, basi ni mimi nitakayekuwa nimemuua kwa sababu ya mbuzi. Nkatha alisema angekuja nami lakini alikuwa zamu, na mtu wa ng'ombe, alisema, hatasikilizwa sana kule. Nilikwenda peke yangu na Erot.

Daktari alikuwa kijana mpole aliyechoka. Dawa ilikuwa tayari kwenye sinia.

"Kabla hujamdunga," nikasema, "msikilize moyo upande wa kulia."

"Mama, wewe ulishatia sahihi."

"Nilitia. Msikilize."

Akainua picha ya eksirei ya kifua cha Erot dirishani. "Angalia mwenyewe. Moyo huu hapa, kushoto."

Niliangalia. Pembeni mwa picha kulikuwa na ile herufi ya alama wanayoweka kuonyesha kulia au kushoto, nayo ilikuwa inasomeka kinyumenyume. Nikamwonyesha. Alisema mtu aliweka alama vibaya. Nikamwambia labda alama ndiyo iko sawa, na mtu aliyeishika picha ndiye aliyeigeuza ili moyo ukae pale alipouzoea. Sikumlaumu mtu huyo. Nilimjua vizuri, hata mimi nilikuwa mtu huyo kwa miaka zaidi ya ishirini.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Naosha matumbo."

Erot akakohoa, akasema, "Daktari, msikilize tu. Akianza haachi. Mimi ndiye naishi naye."

Kijana akatia chombo masikioni, zaidi kwa kutuondoa kuliko kwa kuamini. Akasikiliza kushoto. Akakisogeza. Akasikiliza tena kushoto, chini kidogo. Kisha akakipeleka kulia, na hapo alisimama muda mrefu sana bila kupepesa. Akatoa chombo, akachukua ile sinia, akatoka nayo. Alirudi na daktari mkubwa, na sinia haikurudi.

Walitutuma hospitali kubwa, walimpima, na Nkatha alikuwa amekisia sawa: si TB, ni vinywele vilivyozaliwa vibovu. Hali hiyo haina dawa ya kuimaliza. Niliwauliza kila mmoja na wote walijibu hivyo. Kuna dawa za kumeza kifua kikichafuka. Na kuna kazi ya kila siku asubuhi. Mwanamke aliyetufundisha kazi hiyo alimlaza Erot kifudifudi, kichwa kikiwa chini kuliko kiuno, akakunja kiganja kama anayeteka maji, akampiga mgongoni. Mlio ulikuwa mzito, wa hewa.

"Usimlazimishe," aliniambia. "Unainamisha, unapiga, unangoja."

Nilimwomba nimalizie mimi. Aliniuliza nilijifunzia wapi.

Mama Darmi nilipompa habari zote, alifikiri, kisha akasema sasa anakumbuka vizuri: baba yake hakuwahi kumfungua mbuzi mwenyewe, wengine ndio waliomfungulia, basi angejuaje. Nkatha alihamishwa baadaye. Mama Darmi tulimzika. Nakiru analima vitunguu Burat na ana wajukuu. Erot bado ana kibanda, siku hizi ni simu zaidi kuliko redio, na bado anategea sikio kitu kilichokufa na kusema ni wapi.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja. Mkono ukikuta kitu ambacho hakiko mahali pake, msikirudishe kwa mazoea. Simameni. Ulizeni kushoto kwa nani. Mpigieni kelele mkaguzi hata kama atakasirika.

Pipa nilililaza uani siku ile ile mliyonipa, badala ya gunia la mchanga nililomlazia Erot miaka yote. Jumatatu ya kwanza ya kustaafu nililala mpaka jua likaingia, jambo ambalo sijawahi kufanya. Niliamka, na nyumba ilikuwa kimya. Akikohoa huwa nina wasiwasi. Asipokohoa huwa siwezi kupumua mwenyewe. Niliita, hakujibu. Kitanda chake kilikuwa kitupu. Nilitoka uani bila viatu.

Alikuwa amelala juu ya pipa, kifudifudi, kichwa chini, mvi zake zinagusa vumbi, mikono inaning'inia. Nilisimama mlangoni, nikautazama mgongo wake kama unapanda na kushuka.

"Dada," akasema bila kuinua kichwa, "umechelewa kazini."